Kurasa Nilizozika Kabungu

Jumapili, 17 Novemba

Daftari hili lilikuwa la mahudhurio ya madrasa. Limebaki tupu kwa sababu wanafunzi wangu hawahudhurii, basi nitaliandikia mimi.

Asubuhi tumemsindikiza baba mkwe stesheni. Anakwenda Tabora kwa treni kutolewa mtoto wa jicho, na mume wangu Nizamu amekwenda naye. Nimebaki mimi, watoto wawili, cherehani, na bati linalosubiri mvua ili linitie aibu.

Mtu akija kuliokota daftari hili amjue mzee mwenyewe. Jina lake Nagur Miran. Alikuja hapa Mpanda mwaka 1979 kufundisha hesabu sekondari, akitokea kwao India ya kusini, kwa Watamili. Mkataba wake ulikuwa wa miaka miwili. Akamwona Bi Nyamizi, Mkonongo wa Kabungu, na mkataba ukaishia hapo. Nusu ya watu wazima wa mji huu wamewahi kupigwa rula na yeye, na mpaka leo wanamwita Mwalimu Hesabu. Lakini ukimwuliza mwenyewe atakwambia hesabu ilikuwa ya kutafutia ugali tu. Kazi yake hasa ni Kitamili. Alikuwa anakisoma na kukiandika chumbani kwake kila siku baada ya sala ya alfajiri, mpaka macho yalipomkatalia.

Hiyo kazi sijawahi kuiona. Mimi ni mkamwana, na kwetu Wanyamwezi mkamwana haingii chumba cha baba mkwe hata kwa kufagia. Naweka chai mlangoni, napiga hodi, naondoka. Mama mkwe alipokuwa hai alifagia yeye. Tangu afariki, mzee anafagia mwenyewe. Miaka kumi na minne nimeolewa hapa, na chumba kile nakijua kwa kuchungulia tu: kitanda, meza, sanduku la bati.

Jumatano, 20 Novemba

Jua kali. Mawingu yanakuja mpaka juu ya Kawajense halafu yanaghairi.

Jumanne, 26 Novemba

Leo nimefanya jambo la thawabu, wacha niliandike vizuri.

Mvua imefungulia saa tatu asubuhi, ile yenyewe. Bati likaanza kuvuja chumbani kwa baba. Nikasikia maji yanapiga sanduku: ta, ta, ta. Nikasimama mlangoni nabishana na nafsi yangu. Mila inasema usiingie, sanduku linasema ta, ta, ta. Mwishowe nikasema Mungu ananiona, nikaingia.

Sanduku halikuwa na kufuli. Chini kutu imeshatoboa na mchwa wamepita, juu maji yameshaingia. Nikafungua. Makaratasi, jamani! Mamia ya kurasa zilizoandikwa kwa mkono, herufi za Kiarabu na irabu zake zote, na ukurasa wa juu umeanza na Bismillahi. Pembeni zimeliwa, katikati zimeshikana kama chapati zilizokaa. Nilishtuka. Maneno ya Mungu yanaliwa na mchwa ndani ya nyumba yangu, mimi ninayefundisha watoto wa watu juzuu!

Kila Mwislamu anajua kwamba msahafu uliochakaa hautupwi wala haufungiwi sabuni. Unazikwa mahali safi pasipokanyagwa na mtu. Nikatia udhu. Nikatoa shuka langu jeupe la harusi ambalo sijawahi kulitandika, nikazifunga kurasa zote kama anavyofungwa maiti. Nikapanda bodaboda mpaka Kabungu, kwenye shamba la marehemu mama mkwe. Kaburi lake limezungushiwa minyaa, ng'ombe hapiti, mtu hapiti. Nikachimba pembeni yake mpaka mkono ukazama wote, nikalaza mzigo, nikafukia, nikasoma Yasini. Bodaboda wa watu ananitazama kama nimerogwa.

Nimerudi nimelowa chapachapa, moyo mweupe. Sanduku nimelikausha, nimepaka mafuta ya taa chini, nimeweka humo mablanketi ya wageni. Nizamu sijampigia kumwambia, thawabu ikitangazwa inapungua.

Alhamisi, 28 Novemba

Tumepanda mahindi. Mgongo wangu si wangu.

Jumapili, 8 Desemba

Wamerudi. Baba anaona! Ameshuka kwenye treni akanitazama akasema, "Nyanzala, kumbe lile kovu la kidevuni bado unalo." Miaka minne hii alikuwa ananiona ukungu tu. Njia nzima anasoma mabango kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza: duka la dawa, mashine ya kukoboa, fundi simu. Nizamu anacheka, mimi machozi yananitoka.

Wakati wa chakula akasema kuna kijana wa kwao, anaitwa Kasim, mwalimu wa chuo kikuu huko, amesikia habari za kitabu chake na anataka kukichapisha. "Kwanza nitakisoma chote mwenyewe," akasema, "halafu Nizamu atakipiga picha kwa simu, ukurasa kwa ukurasa."

Nikauliza kitabu gani. Nizamu akanijibu mdomo umejaa wali, "Kile cha kwenye sanduku la bati, kipi kingine?"

Jumatatu, 9 Desemba

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Baba ameita baada ya chai. "Nyanzala!" Nikaenda nikasimama mlangoni, macho chini kama inavyopasa. Mablanketi ya wageni alikuwa ameyatoa moja moja, ameyapanga kitandani. Sanduku liko wazi. Akauliza, "Karatasi zangu ziko wapi?"

Hapo hapo ningesema. Maneno yalikuwa mafupi tu: baba, nilizizika. Badala yake nimesikia mdomo wangu unasema, "Karatasi gani, baba?"

Akanieleza pole pole, kama anavyoeleza hesabu. Kwao, zamani za bibi yake, wasichana wa Kiislamu walifundishwa kusoma Kurani lakini shule hawakupelekwa. Herufi walizokuwa nazo ni za Kiarabu tu. Basi wakachukua herufi hizo hizo wakaandikia Kitamili chao: nyimbo za kubembeleza watoto, nyimbo za harusi, mashairi ya kumlalamikia mume aliyekwenda mbali akasahau kurudi. Yeye alipokuwa kijana alizikusanya kwa bibi yake na kwa bibi za wenzake, akazinakili, akaja nazo Afrika. Miaka arobaini na mitano amekaa akieleza kila neno lilitoka wapi na nani aliliimba. Kurasa mia tatu na kumi na mbili. Wale bibi wote wameshakufa.

"Kopi, baba?" nimeuliza.

"Kopi ni mimi," akasema. "Na mimi nina miaka sabini na tisa."

Nikasema labda mchwa.

"Mchwa hawatandiki mablanketi, Nyanzala."

Nikasema mablanketi niliweka mimi kwa sababu ya kuvuja, ila sanduku nililikuta tupu. Nimeapa. Wallahi nimeapa. Akauliza nani mwingine huwa anaingia uani kwetu. Nikasema, "Mama Arcade huwa anakuja kuteka maji."

Na ni kweli huwa anakuja. Katika yote niliyosema leo hilo ndilo la kweli kabisa, na ndilo baya kuliko yote.

Jumatano, 11 Desemba

Mama Arcade jina lake Libérate. Nyumba yake imepakana na yetu. Ni mjane, Mkatoliki, Mrundi wa Katumba, kwenye makazi ya zamani ya wakimbizi. Nasema Mrundi kwa mazoea tu, maana kazaliwa hapa hapa na uraia anao. Anauza karanga za kukaanga kwenye njia ya stendi, anazifunga kwenye karatasi zilizotumika. Baba mwenyewe amekuwa akimpa mitihani ya zamani ya wanafunzi wake, mafungu kwa mafungu, tangu enzi za mama mkwe.

Leo baba na Nizamu wamemfuata pale pale kwenye meza yake. Nimewaona kutoka kwa fundi viatu. Baba akaanza kufungua vifuko vya karanga kimoja kimoja anatazama maandishi, karanga zinamwagika. Watu wakajaa. Libérate akasema, "Mwalimu, nimekukosea nini?" Nizamu, mume wangu ambaye hata kuku hajui kumfokea, akasema, "Nyie wakimbizi ukiwapa maji mnachukua na ndoo."

Libérate aliinama akaanza kuokota karanga.

Nami nilikuwa hatua ishirini kutoka hapo, nimeshika kiatu cha mwanangu.

Ijumaa, 13 Desemba

Maneno yameshaota miguu. Baada ya sala mwanamke mmoja kanishika bega msikitini: "Eti ni kweli yule mama anafungia karanga kurasa za msahafu?" Nikasema sijui. Akasema, "Astaghfirullah, na mimi nilimlisha mtoto."

Jumatatu, 16 Desemba

Meza ya Libérate imejaa karanga mpaka jioni.

Jumamosi, 21 Desemba

Mvua. Libérate haji tena kuteka maji kwetu. Anapita na ndoo mpaka kisima cha Nsemulwa, na matope haya.

Alhamisi, 2 Januari

Palizi. Nimelima mistari kumi na minane bila kupumzika. Nizamu akasema mke wangu siku hizi una nguvu, nikamjibu vibaya.

Jumapili, 12 Januari

Wanafunzi wa madrasa wamekuja sita, muujiza. Nimewafundisha adabu za ulimi. Kitoto kimoja kikaniuliza, "Mwalimu, mtu akinyamaza tu, hiyo nayo ni uongo?" Nimekiambia kisome kwanza halafu ndiyo kiulize.

Jumanne, 21 Januari

Baba halali vizuri na hasomi kitu. Macho anayo sasa, na anayatumia kuutazama ukuta.

Jumatano, 5 Februari

Leo kijana Kasim amepiga simu. Baba aliweka sauti kubwa kwa sababu masikio nayo yameanza. Nilikuwa uani nachambua mchele, nikasikia kwa mara ya kwanza jinsi anavyoongea lugha ya kwao. Jamani, ni mtu mwingine kabisa! Kiswahili chake ni cha kufundishia hesabu, kila neno limepigiwa mstari. Kile kingine kinatiririka, anacheka ndani yake, anapandisha, anashusha. Miaka arobaini na mitano amekaa nasi na hicho kitu kifuani, na hapa hakuna hata mtu mmoja wa kumjibu. Nizamu anajua maneno kumi tu, na moja ni vapa, yaani baba.

Halafu sauti ikashuka. Nadhani hapo ndipo alipomwambia kitabu kimeibiwa. Kasim akawa kama anamwomba kitu. Baba akaanza kuimba, taratibu. Akaenda mistari mitatu, minne, akakwama. Akarudia mwanzo. Akakwama pale pale. Mara ya tatu akakata simu bila kuaga.

Nimemwaga mchele wote. Nikapiga magoti kuuokota na kuku, na kila punje niliona zile karanga za njia ya stendi.

Alhamisi, 6 Februari

Kesho nitasema.

Ijumaa, 7 Februari

Sikusema.

Jumatano, 12 Februari

Nimekwenda Kabungu na jembe. Nilimwambia Nizamu nakwenda kuangalia mihogo.

Njia nzima nilijidanganya. Nikasema shuka lilikuwa zito, nilifunga vizuri, Mungu hawezi kuziacha zioze. Shamba limekuwa kijani mpaka linaumiza macho. Mvua ya miezi miwili na nusu imeshuka juu ya kile kishimo, na hakikuwa na hata nailoni. Nani anamzika maiti kwa nailoni?

Nimechimba kwa mikono baada ya jembe kugusa kitambaa. Shuka lilitoka vipande. Ndani yake mlikuwa na uji wa kijivu, na mchwa weupe wanatembea humo kama kwao. Nilipata kipande kimoja kikubwa kama kiganja chenye wino. Nilipokiinua kikakatika.

Nikakaa chini pembeni ya mama mkwe, matope mpaka mapajani, nikalia kwa sauti maana hakuna wa kunisikia. Na huko ndiko nilikokubali jambo ambalo hata kwenye daftari hili nililificha.

Siku ile ya mvua niliusoma mstari. Nilipofungua sanduku nilichukua ukurasa wa katikati nikausoma kwa mdomo, irabu kwa irabu, kama ninavyowafundisha watoto. Ulisema: araro, ariraro. Nikasoma tena. Araro, ariraro. Najua juzuu zangu. Hakuna Kurani yenye araro. Mwili ukaniambia Nyanzala, ngoja, mzee yuko Tabora tu, ana simu. Na nafsi ikajibu: yazike.

Kwa sababu nilikuwa nayachukia yale makaratasi. Mama mkwe alipokuwa anaugua mimi ndiye nilimgeuza kitandani, mimi nilimwogesha, na mzee yuko na karatasi zake. Mama mkwe aliniambia kwa mdomo wake, "Mwanangu, mimi nimeolewa uke wenza na sanduku." Wajukuu wanapiga hodi, anasema subiri. Basi nilipoiona ile Bismillahi ya juu nilipata ruhusa niliyokuwa naitafuta. Nikamzika mke mwenza kwa heshima zote, nikajiita mcha Mungu.

Jumapili, 16 Februari

Libérate ameacha kuweka meza. Nimesikia anakaangia nyumbani, anapeleka Sitalike kwa basi, kwa watu wasiojua habari.

Ijumaa, 28 Februari

Mwezi wa Ramadhani unaandama kesho au keshokutwa. Simu yangu tangu asubuhi inalia: "Kama nilikukosea kwa kujua au kutojua, nisamehe kwa ajili ya Allah." Ujumbe huo umetumwa na watu arobaini, pamoja na muuza vocha. Na mimi kama desturi nikauandika wangu, nikachagua majina yote, nikabonyeza.

Baada ya dakika moja nikasikia simu ya baba inalia chumbani. Nilikuwa nimemtumia na yeye.

Akajibu! Huwa hajibu meseji za mtu. Ameandika: "Nimekusamehe mwanangu. Hujanikosea kitu."

Nimesoma nikaona siwezi kuendelea kuishi ndani ya ngozi hii. Nimekwenda mlangoni kwake. Sikupiga hodi. Niliingia mpaka ndani, mara ya pili katika maisha yangu, nikapiga magoti kwenye sakafu, nikamwambia yote: kuvuja, shuka, Kabungu, Yasini. Nikamwambia nimekwenda kuchimba na nimekuta nini. Nikamwambia na lile la araro, ingawa hilo hakuna ambaye angelijua kamwe.

Hakunifokea. Heri angechukua rula. Akauliza, "Umesema ni pembeni ya Nyamizi?"

"Ndiyo, baba."

"Upande gani?"

"Wa kulia."

Akatikisa kichwa. "Upande wangu," akasema. "Nilikuwa nimeiacha nafasi hiyo iwe kaburi langu." Kisha akafanya sauti ambayo nilidhani ni kicheko. "Basi Nyamizi ameshinda. Alisema atauona mwisho wangu mimi na hizo karatasi."

Nikasema, "Baba, nisamehe." Yeye akanyoosha kidole ukutani, upande wa nyumba ya Libérate. "Mimi nimemwita mtu mwizi mbele ya mji mzima. Huyo nitamwambia nini? Toka, Nyanzala. Toka kwanza."

Jumamosi, 1 Machi

Mwezi umeonekana. Nizamu nimemwambia. Amelala chumba cha watoto.

Jumatatu, 3 Machi

Tumekwenda kwa Libérate, baba, Nizamu na mimi. Ameanika karanga uani, akatuona akasimama mbele ya mlango wake kama mtu anayezuia kuku.

Baba aliongea kwanza. Alimwambia, "Mama Arcade, nimefundisha watu miaka mingi kwamba usiandike jibu kabla ya kufanya hesabu. Nimekuandikia jibu. Nimekosa." Nizamu alijaribu kuongea akashindwa, akainama tu. Nikabaki mimi. Nilisema nilichofanya, kwa majina yake.

Libérate ananitazama. Akasema, "Wewe. Mimi kwako nilikuwa nakuja na ndoo, unanipa na chumvi. Siku ile ulikuwa kwa fundi viatu. Nilikuona. Nikasema huyu ananijua, atanisemea."

Nikatazama zile karanga alizoanika.

"Samahani ya uani siitaki," akasema. "Nyie hamkunitukania uani."

Jumanne, 4 Machi

Leo nimebeba meza ya Libérate kichwani mpaka njia ya stendi, mimi na swaumu yangu. Nimeipanga, nimekaa nyuma yake. Kila aliyesimama nimemwambia: huyu mama hakufunga karanga kwenye msahafu wala hakuiba karatasi, mimi mkamwana wa Mwalimu Hesabu ndiye niliyezipoteza, nikanyamaza. Wengine wamenionea huruma. Mmoja kacheka mpaka akakohoa. Yule mwanamke wa msikitini kasikiliza mpaka mwisho akasema, "Sasa na mimi nilikuwa nimeshawaambia watu wa Majengo." Nikamwambia nenda ukawaambie tena.

Libérate alikaa pembeni kwenye kigoda, hakufungua mdomo. Jioni kina mama watatu walinunua za kufuturia.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda tena.

Alhamisi, 6 Machi

Tena. Mvua imetunyeshea wote wawili chini ya nailoni moja. Libérate kasema neno la kwanza: "Sogea, unalowesha karanga."

Jumapili, 9 Machi

Libérate amekuja kwetu akitoka kanisani, na kitenge chake kizuri. Amepitia mlango wa uani kama zamani. Ameomba kumwona baba. Nikamwita, akakaa barazani.

Alikuwa na kitabu chake cha nyimbo za kanisani, kile kinene kilichofungwa kwa raba. Akatoa raba. Ndani, kati ya nyimbo, mlikuwa na karatasi zilizokunjwa mara moja tu, safi, hazina hata alama ya kidole cha mafuta. Herufi za Kiarabu na irabu zake zote.

"Mwalimu," akasema, "mwaka juzi ulinipa mzigo wa mitihani. Macho yako yalikuwa mabaya. Katikati nimekuta hizi. Mimi sijui kusoma hiki, lakini nimeona ni maandishi ya dini yenu, nikasema hayafungiwi karanga. Nikaziweka nije nikuulize. Mambo yakawa mengi, nikasahau. Halafu mkaja pale mezani." Akanitazama mimi. "Ningezitoa siku ile, mngesema mwizi ndiye huyu, na nyingine amezifunga. Nilitaka hata kuzichoma. Nimeshindwa kuchoma kitu cha Mungu wa mtu."

Baba amezishika kwa mikono miwili. Amehesabu, amerudia kuhesabu, yeye mwalimu wa hesabu. Kumi na moja.

"Si maneno ya Mungu, mama," akamwambia. "Ni ya bibi yangu."

"Hata hivyo," Libérate akasema, "ni maneno ya mtu."

Ameondoka na ndoo mbili za maji. Nilitaka kumbebea moja, akasema anaweza.

Ijumaa, 14 Machi

Nizamu amezipiga picha zote kumi na moja na kuzituma. Kasim ameandika kwamba amekaa kwenye ngazi za chuo akalia. Ameuliza nyingine zinakuja lini. Nizamu ananitazama mimi nimjibu.

Jumatano, 19 Machi

Baba ananiita baada ya alasiri. Naingia ndani sasa. Mila nilishaivunja kwa ubaya, amesema, basi tuivunje na kwa kazi. Yeye anakumbuka, mimi naandika kwa herufi za Kiarabu, irabu kwa irabu, maneno nisiyoyaelewa. Siku nyingine tunapata mistari sita. Leo mmoja, na ameufuta.

Jumapili, 23 Machi

Mahindi mabichi ya kwanza. Nimempelekea Libérate kapu. Kapokea, kalirudisha kapu likiwa na karanga ndani, zimefungwa kwa karatasi ya mtihani wa kidato cha pili. Hajasema amenisamehe. Sijamuuliza.

Jumapili, 30 Machi

Kesho au keshokutwa Idi. Nimeshona nguo za watoto, nimefua, nimefagia mpaka chumba cha baba.

Baada ya alasiri hakutaka kuandika. Alisema macho yamechoka, nimsomee. Nimechukua zile kurasa kumi na moja nikakaa kwenye mkeka karibu na sanduku, nikasoma kama ninavyosoma juzuu, kwa kuvuta panapovutwa. Amenisahihisha mara mbili tu, halafu akaacha. Amefumba macho. Ukurasa wa saba ulipoanza nikauona mstari nikasita.

"Soma," akasema.

Nikasoma. Araro, ariraro. Midomo yake ikawa inakwenda na yangu, bila sauti. Sikumwuliza maana yake. Mtu aliyezaa hahitaji kuelezwa, ni wimbo wa kumlaza mtoto. Nilijua hivyo hata siku ile ya mvua.

Nimemaliza wa nane, wa tisa, wa kumi, wa kumi na moja. Wimbo umekatika katikati ya mstari, kama karatasi zilivyokatika. Nikazilaza kurasa mapajani.

"Endelea," baba akasema.

"Zimeishia hapa, baba."

"Najua," akasema, macho bado amefumba. "Endelea."

Nikarudi ukurasa wa kwanza, nikaanza upya.